Jicho likielekea sikioni: maswali yenu kuhusu upasuaji wa makengeza ya nje

Barua nyingi za awamu hii zinahusu aina moja ya makengeza, ile ambayo jicho linaelekea sikioni badala ya puani. Tumezifupisha, na majina tumeyaacha.

Daktari, shikamoo. Binti yangu ana miaka minne. Akichoka au akitazama mbali, jicho la kulia huenda nje kisha hurudi lenyewe. Juani hufumba jicho moja. Mama mkwe anasema ataacha akikua, kliniki wametaja upasuaji. Nimsikilize nani? (Mama, Morogoro)

Marahaba, mama. Unayoyaeleza ni makengeza ya nje ya vipindi, na kufumba jicho moja juani ni dalili yake ya siku zote. Mama mkwe ana hoja inayofaa kwa mtoto mchanga: macho ya kichanga hutangatanga miezi mitatu ya mwanzo, kisha hutulia. Kwa mtoto wa miaka minne hoja hiyo haifai tena. Lakini hata kliniki, kama walitaja upasuaji bila kumpima kikamilifu, walikwenda haraka.

Kwanza atiwe matone ya kupanua mboni, na daktari atazame ndani mpaka kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Hili halina mjadala kwa mtoto yeyote mwenye makengeza. Jicho lisiloona vizuri hupoteza mwelekeo, na nyuma yake panaweza kuwa na mtoto wa jicho, kovu la retina, au saratani ya jicho ya utotoni. Ukiona mboni inang'aa nyeupe kwenye picha ya simu, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyohiyo.

Pili, apimwe miwani matone yakiwa bado yanafanya kazi. Mtoto asiyeona mbali vizuri akivishwa miwani sahihi, mara nyingine jicho hutulia kiasi kwamba habari ya upasuaji inawekwa kando.

Baada ya hapo ndipo tunauliza swali lenye uzito kuliko yote: je, anamudu kulizuia jicho? Ukubwa wa kengeza peke yake hautoshi kuamua. Wapimaji wengi hutumia alama kutoka 0 hadi 5. Humtazama mtoto kwa sekunde 30 bila kumgusa. Jicho likiwa nje muda wote ni 5. Likiwa nje zaidi ya nusu ya muda huo ni 4. Chini ya nusu ni 3. Lisipotoka kabisa, hufunikwa kwa sekunde 10 kisha hufunuliwa: likichukua zaidi ya sekunde 5 kurudi ni 2, kati ya sekunde 1 na 5 ni 1, na likirudi papo hapo ni 0. Hupimwa akitazama mbali, kisha akitazama karibu. Mtoto huyohuyo anaweza kupata 1 asubuhi na 4 jioni, kwa hiyo kipimo kimoja si hukumu. Wewe nyumbani una nafasi ambayo daktari hana. Mrekodi video fupi nyakati tofauti, umbali wa kama mita 6, mara mbili au tatu kwa wiki, kwa miezi miwili, kisha umwoneshe daktari.

Upasuaji unapata nguvu pale jicho linapokuwa nje sehemu kubwa ya saa anazokuwa macho, alama zinapopanda kutoka ziara moja hadi nyingine, linapoanza kutoka hata akitazama kitabu, au kipimo cha kuona kina na umbali kwa macho mawili kinaposhuka. Hilo la mwisho ndilo tunaloliogopa zaidi. Macho mawili yakifanya kazi pamoja ndipo mtoto anapodaka mpira na kumimina chai bila kukosea kikombe; ubongo ukizoea kulipuuza jicho moja, uwezo huo hufifia. Lakini hakuna haja ya kukimbizana. Utafiti mmoja wa Marekani uliwafuatilia watoto wa miaka 3 hadi 10 wenye kengeza la aina hii bila kuwatibu, na baada ya miaka mitatu waliozorota walikuwa kama 15 katika kila 100. Madaktari wengi pia hupendelea kuvuka umri wa miaka minne, kwa sababu mtoto mdogo akirekebishwa kupita kiasi ana hatari ya kupata jicho vivu, yaani jicho ambalo uoni wake umefifia kwa kupuuzwa na ubongo.

Wakati mnasubiri, jicho lenye nguvu linaweza kuzibwa kwa plasta maalumu saa mbili hadi tatu kwa siku. Miwani yenye nguvu ya ziada ya minasi (aina wanayopewa wasioona mbali) pia husaidia ikiwa imevaliwa, ila faida haikudumu watoto walipoachishwa, na ilionekana kuongeza tatizo la kutoona mbali. Sisi hatuipendekezi kama jambo la kawaida.

Tafadhali nielezeni hatua kwa hatua. Hulitoa jicho nje? Na kwa nini mwanangu aliambiwa atapasuliwa macho yote mawili wakati bovu ni moja? (Baba, Nakuru)

Jicho halitolewi, mzee, hata kidogo. Linabaki mahali pake, kope zimeshikwa wazi kwa kibanio. Mboni na lenzi haziguswi.

Kila jicho lina misuli sita ya kuligeuza, na hapa inayohusika ni miwili: wa nje, upande wa sikio, na wa ndani, upande wa pua. Imeshikamana na weupe wa jicho chini ya utando laini. Wa ndani umeshikilia kama milimita 5.5 kutoka ukingo wa konea (kioo cha mbele cha jicho), wa nje kama milimita 6.9. Daktari hukata tundu dogo kwenye utando, mara nyingi chini kwenye mkunjo wa kope ambako kovu halionekani, hupitisha kulabu butu chini ya msuli, husafisha nyuzi zinazouzunguka, kisha hushona uzi mwembamba unaoyeyuka kwenye kingo mbili za msuli kabla ya kuukata. Mpangilio huo una maana yake: uzi kwanza, mkasi baadaye. Msuli uliokatwa bila kushikwa hurudi nyuma kwenye tundu la jicho, na kuusaka huko ni kazi ngumu mno.

Kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni kuirudisha nyuma misuli ya nje ya macho yote mawili. Ya pili inafanywa kwenye jicho moja: msuli wa nje unarudishwa nyuma, na wa ndani unafupishwa kwa kukatwa kipande cha mbele na kushonwa tena pale ulipokuwa. Vipimo hutoka kwenye majedwali. Kengeza hupimwa kwa dayopta za prizimu (kioo cha pembe kinachopinda mwanga), na dayopta moja husogeza mwanga sentimita 1 kwa umbali wa mita 1. Kwa dayopta 20, msuli wa nje wa kila jicho hurudishwa kama milimita 5. Kwa 30, kama milimita 7. Kwa 40, kama milimita 8. Kwa njia ya jicho moja, dayopta 30 zinahitaji takriban milimita 7 nyuma kwa msuli wa nje na kufupisha wa ndani milimita 5 hadi 6. Nusu milimita ina uzito, ndiyo maana daktari makini hupima kengeza zaidi ya siku moja kabla ya kupanga tarehe. Hupima pia mbali na karibu, na kengeza likionekana kubwa zaidi mbali, huziba jicho moja kwa dakika 30 hadi 60 kisha hupima tena. Kwa watoto wengi vipimo viwili hukaribiana baada ya hapo, na hesabu ya milimita hubadilika.

Sasa, kwa nini macho mawili? Katika kengeza la vipindi, jicho mnaloliona linatoka si lazima liwe bovu. Mara nyingi ni lile tu ambalo ubongo umelichagua kuliachia. Kosa liko katika uwiano wa jozi nzima, na amri ya ubongo hupelekwa sawa kwa macho yote mawili. Kwa hiyo kugawa marekebisho pande mbili si kupasua jicho lisilo bovu bure. Njia zote mbili zimelinganishwa kwa watoto huko Marekani: miaka mitatu baada ya upasuaji, matokeo yasiyoridhisha yalikuwa 46 kwa 100 kwa njia ya macho mawili na 37 kwa 100 kwa njia ya jicho moja, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kuitangaza moja kuwa mshindi. Zitazame namba hizo vizuri kabla ya kutia sahihi. Kengeza la nje lina tabia ya kurudi, na mzazi anayestahili ukweli huelezwa hivyo mapema.

Yanayoweza kuharibika ndani ya thieta: weupe wa jicho nyuma ya mshikamano wa msuli ni mwembamba, kama milimita 0.3, na sindano ikizama inaweza kutoboa mpaka retina. Uzi unaweza kulegea na msuli ukateleza. Na kuuvuta msuli wa jicho kunaweza kupunguza mapigo ya moyo ghafla. Mtu wa nusu kaputi akisema "acha", daktari huachia msuli mara moja, moyo hurudi, na atropini, dawa ya kuongeza mapigo ya moyo, huwa imeshaandaliwa.

Nina miaka 34. Jiwe liliniumiza jicho la kushoto nikiwa darasa la tatu; sioni kitu kwa jicho hilo na sasa limekwenda nje kabisa. Watu hawajui nawatazama wao au mtu wa pembeni. Nimechelewa? (Msomaji, Mombasa)

Hujachelewa, kaka. Kwa mtu mzima mwenye jicho lisiloona, kwenda nje ndiyo njia ya kawaida ya jicho hilo kupotea. Upasuaji utalinyoosha lakini hautarudisha uoni, na yeyote anayekuahidi uoni muepuke.

Kwako hufanyiwa jicho hilohilo bovu. La kulia haliguswi, kwani ndilo pekee ulilonalo. Unaweza kufanyiwa kwa ganzi ya pembeni ya jicho badala ya nusu kaputi. Uliza pia kama wanatumia uzi wa kurekebisha: fundo huachwa la kuteleza, na siku hiyohiyo au kesho yake, ukiwa macho na umetiwa matone ya ganzi, daktari hukaza au hulegeza mpaka macho yakae sawa, kisha hufunga.

Kwa kuwa hakuna uoni wa kulishikilia, jicho linaweza kuanza tena kwenda nje baada ya miaka. Operesheni ya pili inawezekana, lakini misuli minne mikuu ya jicho ndiyo hubeba mishipa inayolisha sehemu ya mbele, na mtu akiguswa mitatu kwenye jicho moja sehemu hiyo inaweza kukosa damu. Kwa hiyo tunza karatasi inayoeleza msuli upi ulifanywa nini na kwa milimita ngapi. Na jicho la kulia livalie miwani ya polikaboneti (plastiki ngumu isiyovunjika kirahisi) kila siku, hata kama haina nguvu yoyote. Hili tunalisisitiza kuliko upasuaji wenyewe.

Kutaka kutazamwa usoni kama watu wengine ni haja halali. Usikubali kuambiwa ni urembo tu.

Assalam alaykum. Mwanangu wa miaka sita alipasuliwa macho yote mawili siku tano zilizopita. Sasa jicho linaingia ndani, na anasema anaona watu wawili wawili. Wamekosea? (Mama, Unguja)

Wa alaykum salaam, mama. Yaelekea hawakukosea. Kwa sababu jicho hurudi nje kidogokidogo wiki za mwanzo, madaktari wengi hulenga kuvuka mstari kwa makusudi, dayopta 5 hadi 10 kuelekea puani. Mtoto huona viwili kwa siku kadhaa, pengine wiki mbili au tatu, kisha picha huungana. Kuona viwili ni dalili kwamba ubongo umeacha kulipuuza jicho.

Ila fanya jaribio moja leo. Mzibe jicho moja, mwambie afuate kidole chako kuelekea sikioni upande wa jicho lililo wazi, kisha geuza upande wa pili. Kusita kidogo mwishoni ni kawaida. Jicho likigomea katikati, haliendi kabisa upande wa sikio, msuli huenda umeteleza, na hiyo ni safari ya hospitali leo. Msuli huo unatafutwa mapema, kabla kovu halijaufunika.

Safari nyingine isiyongoja kesho: maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, kope kuvimba zaidi kila siku, usaha, homa, uoni kupungua, au mtoto kuwa mnyonge asiyetaka kucheza. Maambukizi ndani ya jicho ni nadra, lakini huanza hivi, mara nyingi ndani ya siku nne za mwanzo.

Kama jaribio liko sawa, mpeleke siku aliyopangiwa. Hali ikiendelea, watambadilishia plasta leo jicho hili kesho lile, au watambandikia lenzi za prizimu kwenye miwani. Kwa kawaida hawarudi thieta kabla ya kama miezi sita kupita, kwani mengi hujinyoosha yenyewe.

Mjukuu anapangiwa wiki ijayo. Tumwandaeje, na nyumbani tufanye nini? (Bibi, Mwanza)

Shikamoo bibi. Chakula na maziwa ya kopo au ya ng'ombe yakome muda wa saa 6 kabla, maziwa ya mama saa 4, maji matupu saa 2. Akiitwa saa 2 asubuhi, maana yake chakula cha mwisho ni kabla ya saa 8 usiku na maji kabla ya saa 12 alfajiri. Uji ni chakula, hata ukiwa mwepesi. Wajukuu wengi hurudishwa nyumbani kwa sababu ya kikombe cha uji aliopewa kwa huruma.

Mwambie mtu wa nusu kaputi kama mtoto ana selimundu, pumu au tatizo la moyo, kama ana mafua, kikohozi au homa wiki hii, na kama kuna ndugu wa damu aliyepandwa na joto kali au kufa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Mafua yenye kikohozi ni sababu nzuri ya kuahirisha. Jicho litasubiri.

Akizinduka anaweza kutapika. Upasuaji huu unajulikana kwa hilo, na ipo dawa ya kuzuia. Machozi ya siku ya kwanza huwa na wekundu wa damu. Weupe wa jicho hubaki mwekundu wiki mbili hadi tatu, na nyuzi hukwaruza kama mchanga mpaka ziyeyuke. Matone hutiwa kwa kawaida mara nne kwa siku kwa wiki moja au mbili, kama alivyoandikiwa tu: mengi yana steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, na steroidi ikiendelezwa bila usimamizi hupandisha presha ya jicho. Futa kope kwa pamba safi na maji yaliyochemshwa yakapoa, kutoka puani kwenda nje. Asiogelee ziwani wala bwawani wiki mbili, asicheze kwenye vumbi, na shuleni anaweza kurudi baada ya kama wiki moja.

Na tafadhali bibi, asitiwe wanja, maziwa ya mama, mkojo wala maji ya majani yoyote. Kidonda kiko wazi.

Je, mazoezi hayawezi kuchukua nafasi ya kisu? (Mwanafunzi, Dodoma)

Inategemea jicho linatoka lini. Kama ni wakati wa kusoma tu, kichwa kinauma na herufi zinaogelea, tatizo ni udhaifu wa kukusanya macho karibu, na mazoezi ndiyo tiba. Shika penseli umbali wa mkono ulionyooka, itazame ncha, isogeze taratibu kuelekea puani mpaka ionekane mbili, jitahidi kuiunganisha, rudisha, anza upya. Dakika 15 kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki 12. Lengo ni penseli ifike kama sentimita 6 kutoka puani ikiwa bado moja. Mazoezi ya kliniki chini ya mtaalamu yana nguvu zaidi kuliko penseli peke yake. Kama jicho linatoka ukitazama mbali, mazoezi hayapunguzi ukubwa wake.

Nilipasuliwa utotoni kwa sababu jicho liliingia ndani. Sasa nina miaka 58 nalo limetoka nje. (Mzee, Kisumu)

Shikamoo mzee. Hili ni la kale kama upasuaji wenyewe. Johann Friedrich Dieffenbach alipomfanyia mtoto operesheni ya kengeza la ndani huko Berlin mwaka 1839, aliukata msuli wa ndani na kuuachia. Njia hiyo ilienea haraka, na wengi waliotibiwa hivyo walikuja kuwa na jicho lililotoka nje. Siku hizi msuli hushonwa mahali palipopimwa, lakini hata hivyo unaweza kulegea baada ya miongo.

Kwako kazi ya kwanza ni kuutafuta msuli wa ndani chini ya kovu na kuusogeza mbele kuelekea pale ulipozaliwa nao. Majedwali ya milimita hapa hayategemeki sana, kwa hiyo uzi wa kurekebisha una faida kubwa. Litafute faili la zamani ukiweza. Kama limepotea, daktari atajua mengi kwa kulivuta jicho kwa koleo ukiwa na ganzi ili ahisi kama limekazwa.

Niende wapi, na nibebe nini? (Msomaji, Tabora)

Si kila daktari wa macho hupasua makengeza. Wengi wamejikita kwenye mtoto wa jicho. Omba barua ya rufaa kwenda panapotibiwa macho ya watoto, kama hospitali ya KCMC Moshi au ya CCBRT Dar es Salaam. Kwa wasomaji wa Kenya, Hospitali ya Kikuyu. Muulize daktari kengeza ni dayopta ngapi mbali na ngapi karibu, anapanga kugusa misuli ipi, na baada ya upasuaji mtarudi lini. Asiyekupa namba hizo bado hajamaliza kupima.

Beba miwani yote aliyowahi kuvaa, kadi ya kliniki, video za nyumbani, na picha za tangu utotoni, hata za harusi za ndugu ambamo mtoto amesimama pembeni. Picha ya zamani mara nyingi humwonesha daktari jicho lilianza kutoka mwaka gani.